Uvimbe Uliofugwa

Nywele zangu zilipoanza kuota, nilijua kuna mtu ananidanganya.

Nilikuwa najipaka mafuta mbele ya kioo cha bafuni, pale Kituo cha saratani, mkono ukapita kichwani ukakuta kitu kinakwaruza. Nikainama. Vinywele vifupi vilikuwa vimechomoza toka utosini hadi kisogoni, vyeusi, na vyeupe vichache ambavyo sikuwa navyo kabla. Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilifunga bomba, nikasimama nikijitazama kama ninavyomtazama mshambuliaji aliyeanguka ndani ya kumi na nane.

Mimi ni refa. Nimechezesha mpira tangu enzi ambazo refa aliamua mwenyewe nani ameotea, kabla hawajatundika Jicho juu ya kila uwanja na kutuachia sisi filimbi na kadi. Jicho linaona ukucha wa mchezaji ukivuka mstari. Jambo moja halijaliweza hadi leo, nalo ni kumtambua mtu aliyejiangusha. Linaona mguu umeguswa, linaona mwili umeanguka, basi, linahesabu ni faulo. Kumjua mwongo kunahitaji roho mbaya kidogo, na mimi Mungu alinijalia.

Dawa ya saratani inanyonyoa nywele, kila mtu anajua. Zikirudi wakati bado unatundikiwa dripu kila juma, maana yake dawa imepunguzwa. Na mimi, Leokadia Nyaulingo, mwenye titi na mwenye ugonjwa, sikuwa nimeambiwa.

Nilivaa kilemba, nikarudi kitandani, nikaanza kuunganisha mambo.

Nilikuja na uvimbe wa ukubwa wa limau kwenye titi la kushoto. Nilitaka ukatwe siku ileile, na ndugu zangu wa Kilolo walitaka hivyohivyo. Kwetu mgeni mbaya hakaribishwi chai. Daktari Mwinuka, mpasuaji, alinikalisha chini akanieleza kwa upole kwamba dawa inatangulia, kisu kinafuata. Limau likinywea, kidonda kitakuwa kidogo, na huenda titi lenyewe likabaki. Tena uvimbe ukiwa bado mwilini unatuonyesha kama dawa inafanya kazi. Ukiukata kwanza ndipo unywe dawa, alisema, utakuwa unapiga shabaha gizani.

Wakanichoma sindano, wakaniachia ndani ya uvimbe kidude kidogo kama punje ya ulezi. Wanakiita Mbegu. Mbegu haitibu. Kazi yake ni kuonja: kila asubuhi inaeleza uvimbe umeamkaje, dawa imeingia kiasi gani, na mapigo ya moyo wa mwenye nyumba yanakwendaje. Uvimbe ukiyeyuka wote, Mbegu inabaki pale kama kigingi ili mpasuaji ajue wapi pa kukata. Taarifa zake zinakwenda kwa Darasa, mashine inayochanganya dripu za wagonjwa wa nyanda za juu zote. Darasa likijifunza jambo kwa mmoja, linalitumia kwa wote.

Dawa ilifanya kazi. Nilitapika, nilinyonyoka, nililia mbele ya watu, na limau likanywea likawa harage. Kisha harage likabaki harage.

Upasuaji ulikuwa uwe baada ya Pasaka. Ukasogezwa, eti damu yangu iko chini. Ukasogezwa tena, eti tungoje linywee zaidi kidogo. Safari ya tatu hawakutoa hata sababu, walinihamisha tu chumba: peke yangu, dirisha linatazama mto Ruaha, na mchana naletewa kuku wa kienyeji. Madaktari wageni walipita kunisalimia wakiwa wameinamisha vichwa, kana kwamba mimi ni mama mkwe wao. Nilifurahi kama mpumbavu. Sasa nikakumbuka kwamba mfugaji hanenepeshi ng'ombe bure.

*

Sista Osmunda Luambano aliingia na dripu saa nne asubuhi. Huyu ni Mngoni wa Songea, mimi ni Mhehe, na ukishajua hivyo umejua yote. Babu zetu walichinjana, sisi tukarithi utani. Tangu siku ya kwanza alikuwa akiniingilia chumbani bila hodi na kuniuliza kama Mhehe naye anaogopa sindano, nami namwambia sindano siogopi, naogopa mkono wa Mngoni kwa sababu haujawahi kulenga. Anachukua parachichi langu bila kuomba. Namfichia viatu. Siku niliponyonyoka nywele zote, madaktari walinipa pole; yeye alicheka hadi akashika ukuta, akasema sasa nimefanana na jiwe la Gangilonga. Nikacheka na mimi, na ndiyo siku niliyojua kwamba naweza kupona.

"Kamwene, mtani," nilimwambia. Nikavua kilemba, nikainamisha kichwa. "Ona. Jiwe limeota majani."

Nilikuwa nimemwekea mpira mbele ya goli, kipa hayupo. Nilimngoja apige.

Osmunda aliangalia kichwa changu, kisha akaangalia mrija wa dripu. Akasema ni kawaida, hutokea. Akafunga plasta mkononi mwangu kwa uangalifu mkubwa, akanitakia siku njema na kutoka. Parachichi lilikuwa juu ya meza. Hakuligusa.

Mtani akikutania sana unaweza kuudhika. Mtani akiacha kukutania, jua kuna msiba na wewe ndiye hujaambiwa. Nilichomoa sindano mwenyewe, nikabana mahali pale kwa kidole, nikaenda kumtafuta mpasuaji.

*

Daktari Mwinuka alikuwa ofisini anakunywa chai. Ni Mkinga mwembamba, mpole, hana tabia ya kukwepa swali, na hakunikwepa. Nilimuuliza kwa nini dawa yangu imepunguzwa. Alishangaa.

"Lakini mama, wewe mwenyewe uliridhia."

Nikamwambia sijaridhia kitu. Akaweka kikombe chini. Akaeleza kwamba harage langu si harage la kawaida: limejifunza kuifungia dawa mlango kwa namna ambayo Darasa halikuwa limewahi kuiona. Kila asubuhi linabuni mlango mpya, Mbegu inaona, Darasa linatafuta ufunguo. Ufunguo huo unakwenda kwa wanawake wengine wenye uvimbe wa aina hiyo, ambao zamani dawa ilikuwa inashindwa nao. Dozi yangu imewekwa mahali ambapo uvimbe haufi wala haukui. Ukikatwa, somo limekwisha.

Mama yangu alikuwa na msitu wa mianzi Kilolo, na nimekulia kwenye ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi. Mwanzi ukiwa unatoa vizuri huukati. Unaukwangua ncha kidogo, asubuhi na jioni, ili kidonda kisifunge na ulanzi uendelee kudondoka. Watoto tulichapwa tukiugusa, kwa sababu mwanzi ule ulikuwa unalisha nyumba.

"Mnanigema," nilisema.

Hakukataa. Nilimuuliza hatari yangu ni nini. Alisema kila siku harage linapokaa, lina nafasi ya kupata njia ya kutoka kwenye titi na kwenda kwingine. Ndogo, lakini ipo, na likishatoka kisu hakilifuati. Alisema alidhani najua hayo yote, na kwamba amekuwa akiniheshimu kwa moyo wangu. Ndiyo maana wageni walikuwa wanainamisha vichwa.

Nikamwambia anionyeshe huko kuridhia kwangu.

Siku hizi hakuna kusaini. Zamani watu walikuwa wanabanwa kidole kwenye wino wakiwa nusu kaputi, basi serikali ikaja na Shahidi. Ni kisanduku ukutani, kila chumba kinacho, kinasikiliza mazungumzo ya mgonjwa na mhudumu. Kinapima sauti, pumzi na mapigo, kisha kinatoa daraja: mtu huyu amesema kwa hiari yake, au ameogopeshwa. Daktari anasoma daraja. Mwinuka alikuwa amesoma daraja la kwanza, akaridhika. Hakuwa amesikiliza maneno yenyewe. Nani ana muda huo?

Akafungua sauti. Ilikuwa ya Osmunda, imejaa kicheko: "Refa, hili harage lako linaringa. Halitaki kuondoka. Tulifanyeje?"

Ikafuata yangu. "Lifugeni. Mlitushindwa vitani, mtaliweza harage? Lifugeni mpaka lizae, ndama wa kwanza mpelekeni Songea mkatambikie." Halafu tukacheka wote wawili, kicheko kirefu cha watu wasio na deni.

Mwinuka alifumba macho. Yeye naye ana watani, alielewa kabla sijasema neno. Shahidi alikuwa amesikia mwanamke ametulia, moyo haukimbii, pumzi ni nzuri, yuko na mtu anayemwamini, anacheka. Kwa hesabu zake hakuna binadamu aliyewahi kuridhia kwa hiari kuliko mimi siku ile.

"Na hakuna anayehakikisha?" nilimuuliza.

Alisema Shahidi akitoa daraja humuuliza mhudumu aliyekuwepo swali moja: je, maneno haya yalisemwa kwa dhati? Sista Osmunda aliulizwa. Alijibu ndiyo.

Mwinuka alisema tunakata kesho asubuhi, na atanikata mwenyewe. Nilimshukuru. Nilikuwa nimeshinda mechi, na sikusikia furaha yoyote.

*

Nilimkuta Osmunda chumba cha chai cha wauguzi, amekaa mbele ya kikombe kilichopoa. Nilifunga mlango. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu, na nadhani aliiona, maana hakusimama.

Hakujitetea. Alisema ana mdogo wake huko Songea, Editruda, mshonaji wa sare za shule, ana uvimbe wa aina ya kwangu. Wa kwake ulikuwa umeshikana na mbavu, mpasuaji akikata leo ataacha nusu ndani. Dawa ilimpiga mwezi baada ya mwezi bila uvimbe kutingishika. Kisha harage langu likaanza kubuni milango yake, funguo zikaanza kufika Songea, na uvimbe wa Editruda ukaanza kuachia. Bado majuma matatu, walimwambia, ndipo aweze kukatwa salama.

"Shahidi aliponiuliza, sikusema uongo mrefu," Osmunda alisema. "Nilisema neno moja."

"Ungeniomba."

"Ungekataa."

"Ungeniomba, Osmunda."

Alilia bila kujifuta. Nami sikumhurumia, afadhali niseme. Nilikuwa nafikiria kwamba machozi nimeyaona mengi, wachezaji wanalia kabla hawajafika chini. Huenda hakuna Editruda. Huenda Kituo kimempanga aseme hivi ili nikubali kuendelea kugemwa. Nikamwambia ampigie mdogo wake mbele yangu, na asimweleze mimi ni nani.

Alipiga. Kwenye kioo cha simu akatokea mwanamke mwembamba mwenye sindano mdomoni na kitambaa cha kaki begani, nyuma yake cherehani. Alimwamkia dada yake, akaniamkia na mimi. Alisema leo ameweza kuinua mkono akatundika sare kwenye msumari mwenyewe, bila kumwita jirani. Akainua mkono kutuonyesha. Ulifika usawa wa sikio, ukatetemeka, akauma meno, ukapanda tena kidogo. Akacheka kwa aibu, akasema kesho utafika juu kabisa.

Nilimtazama kwa jicho la kazi. Nilitazama uso kabla ya mkono, kama tunavyofundishwa, kwa sababu anayeigiza maumivu huanza na uso. Yule alikuwa akijitahidi kuyaficha.

Nilitoka bila kuaga. Usingizi haukuja. Nililifikiria titi langu, na njia ambayo harage lingeweza kuipata wakati mimi nafanya wema. Nilijua hakuna mtu atakayenilaumu nikikatwa kesho. Nilikuwa na haki yote, na haki yote ile haikunipa raha.

*

Asubuhi walikuwa wameshanivalisha gauni la kijani la upasuaji. Mwinuka aliingia, Osmunda nyuma yake na toroli. Nikawaambia wangoje. Nikageukia kile kisanduku ukutani, nikasema maneno niliyoyapanga usiku kucha: kwamba mimi Leokadia Nyaulingo, nikiwa na akili zangu, naongeza majuma matatu, najua hatari yake, kisha uvimbe ukatwe upende usipende. Kwetu hizo zinaitwa dakika za nyongeza. Anazitoa refa, hazitoi mchezaji wala jukwaa.

Sauti yangu ilitetemeka. Sijawahi kusema jambo kwa dhati kama lile, sembuse mbele ya mashine.

Taa ya Shahidi ilikaa njano, kisha ikawa nyekundu. "Ridhaa haikupokelewa," akasema. "Msemaji ana hofu. Huenda ameogopeshwa."

Nikarudia polepole. Moyo ulikuwa unapiga hadi masikioni. Nyekundu tena.

Mwinuka aliniwekea mkono begani. Alisema tumejaribu, na sheria ni sheria: ridhaa ya zamani ameshaifuta, mpya haijapokelewa, kilichobaki ni kukata. Niliisikia ahueni katika sauti yake, na sikumlaumu. Osmunda alikuwa ameshika toroli kwa mikono miwili, anatazama sakafu. Kule Songea mtu alikuwa anainua mkono.

"Mtani," nilimwita. "Mbona umenuna? Mhehe anakwenda kukatwa, na wewe huna la kusema?"

Aliinua uso. Alinielewa, nikaona anavyoogopa kunielewa.

"Nangoja uanze kukimbia," alisema, sauti imepasuka katikati. "Wahehe... Wahehe si mnakimbiaga mkiona chuma."

Haukuwa utani mzuri. Lakini mimi nimesimama katikati ya uwanja mzima unanitukania mama yangu, nimenyoosha kidole kwenye penalti, na mapigo yangu hayakupanda. Ipo namna ya kuvuta pumzi. Unaishusha hadi kitovuni, unalegeza mabega, unalegeza taya, na mwili unaamini kwamba hakuna linalotokea. Kusema kweli ndiko kulikonitetemesha. Kuigiza ni kazi ninayoijua, maana nimewasoma waigizaji maisha yangu yote.

Nikacheka. Nilicheka kicheko cha tumbo, kirefu, nikapiga godoro kwa kiganja. "Nikimbie niende wapi, na mkimbizi ni babu yako? Liacheni harage. Lifugeni majuma matatu, likitimiza lichinjeni, nyama mle wenyewe."

Taa ikawa kijani.

"Ridhaa ya hiari," Shahidi akasema. "Daraja la kwanza." Kisha akamuuliza mhudumu aliyekuwepo kama maneno yale yalisemwa kwa dhati.

Osmunda alinitazama.

"Ndiyo," alisema.

Mwinuka alisimama na glavu mkononi. Alikuwa amesikiliza maneno yenyewe safari hii, na alijua alichokiona. Aliitazama ile taa. Baadaye kidogo alianza kuvua kofia yake ya kijani.

Nimewatoa uwanjani watu wazima wanalia kwa sababu walijiangusha mbele yangu. Nililala pale, harage likiwa kimya chini ya ngozi, nikingoja mtu mmoja apulize filimbi. Hakuna aliyepuliza.